Fundi Aliyelitafutia Zimwi Kiti

Fundi alikuangalia mabega kwanza. Ungeingia dukani kwake pale Karurumo hata kuazima mkasi tu, macho yake yangeanzia bega la kushoto, yavuke shingo, yatue bega la kulia, ndipo yapande usoni kukusalimu. "Muga, mwarimu," aliniambia kila siku, kwa Kimeru chake ambacho miaka yote ya kuishi Embu haikukipunguza, na kabla sijaitikia alikuwa ameshajua kama nimekonda au nimenenepa. Wanawake wengine walichukia sana tabia hiyo. Mimi niliizoea nilipoelewa kwamba mtu yule anakadiria kitambaa tu.

Mambo ya alikozaliwa na ukoo wake sitayagusa. Alitoka upande wa Timau, kwenye baridi na mashamba ya ngano, na nilipoajiriwa kufundisha darasa la nne pale Karurumo nilimkuta ameshakuwa sehemu ya soko, na hayo yanatosha. Alikuwa Mmeru asiyetafuna miraa, jambo ambalo liliwapa watu wa stendi utani wa kudumu. Hasira alikuwa nayo lakini. "Mimi breki zangu ziliisha zamani," alisema mwenyewe. Ila nilimchunguza nikaona kitu: kila alipotaka kugombana na mtu, kwanza aliuweka mkasi juu ya rafu, mbali na mkono, kisha ndipo akaanza kufoka. Hajawahi kumfokea mtu akiwa ameshika mkasi.

Na alikuwa mwongo wa tarehe, lazima niliseme hilo. Sare za shule alizoahidi kabla ya kufungua zilitoka wiki kadhaa baada ya kufungua, na wazazi wakija kulalamika aliwajibu bila haya, "Nilikuambia Alhamisi. Kwani Alhamisi zimeisha?" Halafu kulikuwa na suala la vifungo. Ukitaka kujua ni nani Karurumo aliyeshonewa na Fundi, ungetazama shati lake katikati: vifungo viwili vyeupe, kimoja cha kahawia, kimoja cha koti la mtu mwingine kabisa. Watu walidhani ni ubahili. Ukweli ni kwamba vifungo vyeupe vizuri vilikuwa na kazi nyingine. Vilikaa kwenye kopo la maziwa ya unga nyuma ya cherehani, na Jumapili baada ya kanisa ndipo vilipotoka.

Hapo sasa ndipo ninapotaka kumweleza, maana mtu huyu mbele ya lile kopo alikuwa mtu mwingine.

Chumba cha nyuma ya duka alikuwa amekipangisha kwa mwalimu mmoja wa kujitolea kutoka ng'ambo, aliyefundisha hesabu sekondari. Kijana yule alikuwa mpweke, na Jumapili alimfundisha Fundi mchezo wa kwao usio na ubao wala karata. Mtu mmoja anasimulia, wengine wanakuwa watu ndani ya hadithi. Msimulizi anasema, "Mmefika mtoni, daraja limevunjika, mnafanyaje?" Na wewe unasema unachofanya. Ukitaka kufanya jambo gumu, unarusha dadu kuona kama umeweza. Kijana aliporudi kwao alimwachia Fundi kitabu kisicho na jalada na dadu za pande nyingi, na hizo dadu zikapotea moja moja kwenye mabaki ya vitambaa mpaka zikaisha. Fundi hakubabaika. Alimshonea kila mchezaji kifuko kidogo na kutia ndani vifungo, vyeupe na vyeusi. Ukitaka kuruka mto, ingiza mkono bila kuangalia, vuta kimoja. Cheupe, umevuka. Cheusi, umelowa. Mwenye nguvu alikuwa na vyeupe vingi, na asiye na nguvu alijitegemea kwa akili.

Kila ulipoomba kitu ndani ya mchezo, Fundi alikuuliza swali lilelile: "Na hiyo utailipa na nini?" Unataka mbio? Sawa, basi uwe mwepesi, upepo ukusumbue. Unataka kuona gizani? Sawa, jua likuchome macho. Hakukukatalia chochote, na hakukupa chochote bure. Nilimwambia siku moja kwamba angefaa kuwa hakimu. Alinijibu kwamba mahakimu hawapimi mtu kabla ya kumkatia.

Tulianza wachezaji watatu, yeye akiwa msimulizi. Mimi nilikuwa mwanamke mfua vyuma ndani ya hadithi. Mama Muthoni, mwenye hoteli ya chai ng'ambo ya barabara, alikuwa mwindaji wa chui, na alikuja na birika lake na mandazi yaliyobaki asubuhi. Wa mwisho alikuja kwa shari. Alikuwa mzee wa kanisa letu, mwenye kofia na Biblia kwapani, na alisimama mlangoni akasema, "Nimesikia hapa watu wanacheza kamari siku ya Bwana."

"Ingia uone, mzee," Fundi alimwambia. "Ukipata hata shilingi moja hapa, chukua uweke sadaka."

Mzee aliingia kupeleleza. Aliuliza kila kifungo ni cha nini, akaonja mandazi, akasikiliza. Jumapili iliyofuata alikuja kupeleleza tena. Mwezi ukaisha tukiwa na mwizi hodari mezani, mfungua kufuli asiye na mfano, na mwizi huyo alikuwa ni yeye mzee wa kanisa. "Mwizi wangu ataokoka mwishoni," alitueleza bila kuulizwa. "Lakini si sasa. Sasa tuko na kazi."

Ndipo nikamleta kaka yangu Njeru.

Njeru ni mkubwa. Sisemi mkubwa wa umri tu, ingawa ni yeye aliyenitangulia. Nasema mkubwa wa kupita mlangoni ubavuubavu. Alikuwa amefanya kazi ya kupakia mizigo Nairobi, kazi ikaisha, akarudi nyumbani kwa mama akiwa amefunga mdomo. Mwaka mzima hakuzungumza na mtu ila "ndiyo" na "bado". Na kijiji, badala ya kumwonea huruma, kikamwogopa. Watoto wangu wa darasa la nne walimwona barabarani wakahamia upande mwingine. Kina mama sokoni waliteremsha sauti akipita. Alikuwa hajamgusa mtu, hajamtukana mtu, ila mtu mkubwa akinyamaza watu humwekea maneno yao wenyewe. Mimi nilimpenda na nilikuwa nikimpoteza hapohapo nyumbani, tukila githeri sufuria moja. Kwa hiyo Jumapili moja nilimshika mkono nikamvuta mpaka kwa Fundi.

Stuli ilivunjika alipoikalia. Hakuna aliyecheka. Fundi alimwangalia bega la kushoto, akasafiri, akafika bega la kulia, akavuta gunia la mabaki ya vitambaa akaliweka chini. "Kaa hapo, bwana mkubwa. Hilo halivunjiki. Sasa niambie, utakuwa nani?"

Njeru alikaa juu ya gunia, nami nikafungua mdomo nijibu kwa niaba yake. Kisha akasema, "Zimwi."

Mzee wa kanisa alikohoa. Lakini Fundi alikuwa ameshasogeza kiti chake karibu, uso umemng'aa. "Zimwi lipi? Lile la mdomo mmoja, ama lile liko na mdomo mwingine huku nyuma, chini ya nywele?"

"Hilo la midomo miwili," kaka yangu alisema.

Hayo yalikuwa maneno mengi kuliko aliyoyasema wiki nzima. Nilifurahi mpaka nikamwaga chai.

Kitabu cha yule kijana hakikuruhusu. Nakumbuka Fundi akikifungua na kutuonyesha: watu, watu, watu, na huko nyuma kurasa tele za viumbe vya kutisha, na kazi ya vyote ilikuwa moja, kuuawa na watu. Alikifunga. "Huyu ameomba. Meza yangu haimwambii mtu hapana," alisema, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue alisahau kuuliza swali lake la malipo. Alijaza kifuko cha Njeru vifungo vyeupe, cheusi kimoja tu cha kuonja.

Ikawa maafa. Mama Muthoni alikuwa amemfuatilia chui wake Jumapili nyingi, akijua nyayo zake, akijua anapokunywa maji. Zimwi lilimwona chui, likavuta cheupe, likamla. Mzee wa kanisa alifika mbele ya mlango wa chuma aliouota mwezi mzima, akatoa funguo zake za kuiba. Zimwi lilivuta cheupe, mlango ukang'oka. Mimi nilifua mkuki ambao hakuna aliyeuhitaji. Njeru hakufanya ubaya wowote, alifanya tu kile zimwi hufanya, na sisi tukabaki tumekaa kama wageni wa harusi.

"Sasa mimi nimekuja kufanya nini?" Mama Muthoni aliuliza. "Fundi, si uniambie tu nibaki kwa hoteli nikaange mandazi yangu?"

Jumapili ya pili Fundi alikata kwa upande mwingine. Alimwaga vifungo vyeusi ndani ya kifuko cha Njeru mpaka vikazidi vyeupe. Zimwi likataka kuvunja mlango wa jikoni, cheusi, likaumia bega. Likataka kumtisha mbwa, cheusi, mbwa akalifukuza. Likateleza kwenye ganda la ndizi. Watu wazima pale walicheka mpaka machozi, na mimi nilicheka pia, mpaka nilipomwangalia kaka yangu. Alikiweka kifuko mezani taratibu, kwa adabu, akainuka kutoka kwenye gunia, akapita mlangoni ubavuubavu, akaenda.

Fundi aliuchukua mkasi akauweka juu ya rafu. Nilijua anakuja kufoka na nikajiandaa, lakini safari hii alijifokea mwenyewe. "Nimekata vibaya! Mtu analeta mwili wake mzima, mimi nakata miguu ndio aingie kwa suruali. Mimi ni fundi wa aina gani?"

"Pole, Fundi," mzee wa kanisa alisema, "lakini tuseme ukweli. Zimwi likiwa na nguvu, sisi hatuna kazi. Likikosa nguvu, si zimwi. Afadhali kijana achague kuwa mtu kama sisi. La sivyo, mimi sirudi."

"Hata mimi," Mama Muthoni alisema, ingawa kwa sauti ya chini, maana alikuwa ananiangalia.

Niliogopa. Ninalisema wazi kwa sababu huenda mtu akaona ni mchezo tu wa vifungo, watu wazima wanajifurahisha. Kwangu mimi meza ile ilikuwa mahali pekee kaka yangu alipofungua mdomo. Ikimfungia, sikujua mlango mwingine wa kubisha. Na Fundi alijua hivyo, bila mimi kumwambia. "Nipeni mpaka Jumapili," aliwaomba. "Mkija mkakuta bado mbaya, mimi mwenyewe nitafunga hili kopo."

Alikuja nyumbani kwetu katikati ya wiki, na tepu yake shingoni. Mama alidhani ameleta nguo fulani ya Alhamisi ya zamani. Fundi alimwomba Njeru asimame pale uani, akaanza kumpima: bega, kifua, mkono, akipanda juu ya kigoda ili amfikie shingo. Hakukuwa na nguo iliyoagizwa. Nilikuja kujua baadaye kwamba yeye mawazo yake yalikuwa mikononi, na asipokuwa na mtu wa kupima hawezi kufikiri.

"Hili zimwi lako," alimuuliza Njeru akiwa ameshika tepu mgongoni kwake, "linataka nini? Nyama?"

"Hapana."

"Kupigana?"

"Hapana." Kaka yangu alikuwa akiangalia migomba. "Linataka kukaa na watu, na watu wasikimbie."

Fundi aliacha kupima. Alishuka kwenye kigoda, akaikunja tepu polepole, akaitia mfukoni, na macho yake yalikuwa yamelowa. "Hiyo naweza kushona," alisema, akaaga, hata uji wa mama hakungoja.

Jumapili tulikuta vifungo vyeusi vimetolewa kwenye kifuko cha zimwi, ila kile kimoja cha kuonja. Kilikuwa kimejaa vyeupe kama siku ya kwanza, na Mama Muthoni alianza kuinuka. "Keti, Mama, ngoja nimalize," Fundi alisema. Akafungua kiganja. Kilikuwa na vifungo viwili vikubwa vyekundu, pacha, vya koti la kike. Kimoja akampa Njeru. Kingine akanipa mimi.

"Kwetu Meru kuna kitu tunaita gichiaro," alisema. "Nyinyi Waembu mnajua kwa kusikia."

Tulijua. Ni undugu wa kiapo kati ya koo, wa tangu zamani. Watu wa gichiaro hawanyimani, hawadanganyani, wala hawamwagiani damu. Mtu wako wa gichiaro akikuomba kitu, unatoa, hata kama unalia. Wazee wanaheshimu hata leo, na wengine humkwepa mtu wao wa gichiaro sokoni ili asije akaomba ng'ombe.

"Zimwi liko na nguvu zake zote," Fundi aliendelea. "Sipunguzi hata uzi. Lakini liko na gichiaro na huyu mfua vyuma. Mwarimu akiomba, zimwi haliwezi kataa. Na zimwi likiomba, mwarimu hawezi kataa. Na mmoja akikwama, mwingine anaweza kumvutia kifungo, lakini atavuta kutoka kwa kifuko chake mwenyewe. Hiyo ndio malipo. Mwenye nguvu nyingi ndio tunafunga na watu wengi. Leo ni mmoja. Likizidi nguvu, naongeza ndugu."

Mzee wa kanisa alikunja uso akifikiri. "Kwa hivyo nguvu yake ni yetu?"

"Na shida zenu ni zake," Fundi alisema. "Twende."

Hadithi ya siku hiyo ilikuwa hivi: majitu yalikuwa yameiba ng'ombe wa kijiji na kuwaficha pangoni, upande wa baridi wa mlima. Mlango wa pango ulikuwa jiwe ambalo watu hamsini wasingelisogeza. Ndani, majitu yamelala. Zimwi lingeweza kuingia likayapiga yote, Njeru alijua, na nilimwona akikigusa kifuko chake. Lakini ng'ombe wangekanyagwa wakafa humo humo. Nikainua kifungo changu chekundu.

"Kwa gichiaro," nilimwambia kaka yangu, "inua jiwe. Likae mgongoni mwako, na usiliachilie hata wakikupiga, mpaka ng'ombe wa mwisho atoke."

Njeru alinitazama. "Sawa," alisema. Akavuta cheupe. Jiwe likapanda.

Na hapo, ndugu zangu, kila mtu akawa na kazi. Mwizi wa mzee wa kanisa alitambaa chini ya jiwe akafungua minyororo ya ng'ombe mmoja baada ya mwingine, akivuta vifungo huku jasho likimtoka, ametupa kofia. Mwindaji wa Mama Muthoni alijua nyayo, akawatoa ng'ombe gizani bila hata kengele kulia. Lakini majitu yaliamka. Yakaanza kulipiga zimwi, na kwa kila pigo Njeru alivuta, na kila cheupe kilichotoka kilikaa nje, hakikurudi. Kifuko kikawa kinapungua. Fundi alisimama, anasimulia kwa sauti ya mahubiri: "Wezi wa ng'ombe wamefika! Ng'ombe bado wako ndani! Wameziba njia! Nani atawaokoa?"

Wakati huo mtu mmoja alikuwa akipita barabarani na baiskeli. Yeye alisikia tu kwamba ng'ombe wameibiwa, wezi wamefika, na watu wanaomba msaada dukani kwa Fundi. Embu, neno la ng'ombe kuibiwa haliulizwi mara mbili. Alipiga kelele, na waliokuwa sokoni wakaja mbio, na rungu, na panga, na mmoja na jembe, wakausukuma mlango wa duka: "Wako wapi? Wamepitia wapi? Njia ya Kanja?"

Walichokikuta ni mzee wa kanisa amepiga magoti juu ya meza, bila kofia, akisema "bado ndama, bado ndama mmoja!" na Njeru yule wa kuogopwa, amekaa kwenye gunia, ameinama kama amebeba kitu kweli, jasho linamtiririka.

"Wako pangoni," Mama Muthoni aliwaambia bila kugeuka. "Nyamazeni, tunawatoa."

Nilidhani watatutukana. Lakini mtu aliyekimbia na panga kuokoa ng'ombe hawezi kurudi nyumbani bila kujua kama wameokoka. Walijaa mlangoni na madirishani, wanaulizana kwa kunong'ona hilo jiwe limeshikwa na nani, na wanajibiwa, "Si huyo Njeru. Ametubebea."

Njeru aliingiza mkono kifukoni. Vyeupe vilikuwa vimeisha, kimebaki cheusi kile cha tangu mwanzo. Ndama alikuwa bado ndani. Kaka yangu aliinua uso, na mbele ya watu wote wale akaweka mezani kifungo chake chekundu.

"Dada," alisema. "Kwa gichiaro. Nivutie wewe. Na uongee na mimi. Nimechoka kunyamaza."

Sikuweza kukataa, na nisingekataa hata bila kifungo. Nilimwambia sijui nini, kwamba mama amepika, kwamba nilikuwa na hamu ya sauti yake, kwamba asiliachilie, huku machozi yananitoka, na mkono wangu uko ndani ya kifuko changu cha mfua vyuma, chenye vyeusi vingi kuliko vyeupe. Nikavuta. Nikafungua kiganja.

Cheupe.

Lile duka lilipasuka kwa kelele. Watu walipiga rungu chini, yule mwenye baiskeli alimkumbatia mzee wa kanisa, na mtu akapiga mluzi wa kuita ng'ombe. Ndama ametoka! Na katikati ya zogo hilo nilisikia sauti ambayo sikuwa nimeisikia kwa muda mrefu, nene, inaanzia tumboni: kaka yangu alikuwa anacheka. Yule mwenye jembe alimshika bega akamwambia, "Zimwi letu, tukunywe chai." Wakaenda naye kwa Mama Muthoni, na hakurudi nyumbani mpaka jua lilipokaribia kuzama, sauti imemkauka kwa kuongea.

Tangu siku hiyo meza ilikua. Vijana walikuja kutoka Runyenjes na Kanja, na hakuna aliyetaka tena kuwa mtu. Msichana mmoja alitaka kuwa chatu. Mwingine alitaka kuwa radi. Fundi aliwasimamisha wote akawapima mabega, akauliza swali lake la malipo, akaenda kutafuta vifungo, na mashati ya Karurumo yakazidi kupungukiwa. Yeye mwenyewe hakucheza hata siku moja. Nilimuuliza kwa nini. "Nikicheza, nani atashika kopo?" alijibu, akarudi kwenye cherehani.

Alirudi Timau miaka ya tisini ikielekea mwisho, kwa binti yake, kwa sababu ya afya. Tulimfuata huko mimi na Njeru, ambaye wakati huo alikuwa na pikapu ya kuuza ndizi na mdomo usiofunga tangu Embu mpaka Timau. Tulimkuta amevaa sweta mbili na koti juu, kwenye duka dogo ambalo binti yake alishona ovaroli za wafanyakazi wa mashamba ya maua. Ukutani kulikuwa na benchi la mbao nene, la kubeba mtu yeyote. Alinitazama bega la kushoto, akasafiri polepole mpaka la kulia. "Muga, mwarimu," alisema. "Umeongeza kitambaa." Mikono yake ilikuwa inatetemeka, uzi haungeingia tena sindanoni.

Ilikuwa Jumapili baada ya kanisa, na wafanyakazi watatu wa mashambani walikuwa wameshakaa mezani, kila mmoja na kifuko chake. Fundi alilichukua kopo la maziwa kwa mikono miwili akalisukuma mbele yangu.

"Leo usimulie wewe," alisema. "Mimi nataka kucheza."

"Utakuwa nani?"

"Zimwi," alisema, na alikuwa na haya kidogo, kama kaka yangu siku ile.

"Na hiyo utailipa na nini?" nilimuuliza. Nilikuwa nimelingojea swali hilo miaka.

Aliinyanyua mikono yake akaitazama ikitetemeka. "Siwezi hata kuvuta kifungo. Nikijaribu, namwaga zote. Hiyo haitoshi?"

Njeru aliingiza mkono mfukoni akatoa rundo la funguo za pikapu. Kwenye pete yake kulikuwa na kifungo kikubwa chekundu. Alikichomoa, akakiweka mezani mbele ya Fundi, akakaa kando yake kwenye lile benchi, na halikulia.

"Kwa gichiaro, mzee," alisema. "Nitakuvutia."

Nikaanza. Niliwaambia wamefika mbele ya lango la chuma, na nyuma yake kuna watu wanaita. Fundi hakungoja hata nimalize. "Naenda kwa lango!" alipiga kelele, amesimama, koti limemdondoka. Kaka yangu alivuta kifungo kwenye kifuko nilichomjazia, akafungua kiganja chake kikubwa tukakiona wote kilivyokuwa cheupe, na yule mzee akaipiga meza kwa mikono yote miwili, akicheka, akiwauliza wale wafanyakazi walioshika vifuko vyao: "Lango lingine liko wapi? Nionyesheni lango lingine!"